Neno "Enthusiastic" na Kesha la Ijumaa



Ukurasa huu tumepewa sisi wa mwaka wa sita, na kalamu imeangukia mikono ya doyen wa wanafunzi, ambaye anaandika kwa jina la klasi yote. Wengine walitaka tuandike juu ya Ekzeta. Juu ya Ekzeta mutasikia mingi mpaka masikio yachoke. Sisi tumechagua neno moja tu la Kiingereza, na mutaona kwamba neno hili limeingia mpaka katika internati yetu na kutugawanya meza kwa meza.

Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni: "enthusiastic". Akauliza, kwa Kiswahili tunasemaka namna gani? Mmoja akajibu "mwenye bidii". Mwalimu akakataa, sababu hata punda ana bidii. Mwingine akasema "mwenye shauku", mwingine "mchangamfu". Halafu mwenzetu wa upande wa Walikale, ambaye hasemi mingi, akasema: "Ni mutu mwenye kuwaka moto." Klasi ikacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema huyo ndiye amekaribia kuliko wote, na akatutuma kutafuta kwa nini. Tulitafuta katika kamusi za maktaba yetu, ambazo zingine zimeliwa na mchwa mpaka herufi D, kisha tukamsumbua baba mchungaji wetu kwa vitabu vyake vya historia ya Kanisa. Haya ndiyo tuliyokuta.

Neno hili Waingereza hawakulizaa. Ni la Wagiriki. Kigiriki "en" ni ndani, na "theos" ni mungu, neno lile lile ambalo linakaa katika "teolojia". Mutu aliyeitwa "entheos" alikuwa mutu ambaye mungu ameingia ndani yake na kusema kwa kinywa chake. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Ion, anaandika kwamba mshairi hatungi kwa akili yake mwenyewe bali kwa sababu mungu amemshika. Jirani yake ni neno "ecstatic", nalo la Kigiriki, lenye maana ya kusimama nje: mutu ametoka nje ya nafsi yake. Tukisema kwa kucheka kidogo, katika neno la kwanza mungu anaingia nyumbani, katika neno la pili mwenye nyumba anatoka. Na mara mingi mambo haya mawili hutokea siku moja.

Ndugu zetu wa pwani nao wana neno la namna hii. Wanasema "jazba", na leo wakisema fulani amepandwa na jazba wanataka kusema hisia zimemushinda, mara nyingine hasira. Lakini neno limetoka kwa Waarabu, na kwa masufi wao lilikuwa kuvutwa na Mungu mpaka mutu asijitawale tena. Basi hata huko Mungu alikuwa ndani ya neno, na watu wakaendelea kulitumia baada ya kumusahau.

Sasa tufike mahali ambapo ugomvi ulianzia. Leo mwalimu akiandika katika biletini yako "élève enthousiaste", unapeleka kwa baba na mama ukitabasamu. Zamani ungeificha. Kwa miaka karibu mia mbili, neno hili lilikuwa tusi.

Martin Luther aliwachoka watu wa namna hii. Walisema Roho amewaambia moja kwa moja, bila Neno lililoandikwa, na katika maandiko yake ya 1537 anawataja kwa jina hilo. Kwa Kijerumani aliwaita "Schwärmer", neno linalotoka kwa nyuki wanaohama mzinga kwa kishindo. Alikuwa na sababu. Mwaka 1534 kundi moja lilikamata mji wa Münster kwa jina la ufunuo, na kiongozi wao, Jan van Leiden, akajifanya mfalme. Mji ulianguka mwaka uliofuata, baada ya njaa na damu mingi. Kutoka hapo kila mkubwa wa Ulaya alipomuona mutu akilia katika maombi alikumbuka Münster. Katika Uingereza, mwanafalsafa John Locke aliongeza mwaka 1700 sura nzima katika kitabu chake kikubwa ili kuwapinga "enthusiasts": alisema wameona nguvu ya kusadiki kwao kuwa ni uthibitisho wa kile wanachosadiki. Sentensi hii tuliirudia mara tatu kabla ya kuielewa. Yaani mutu anasema, "Ni kweli, sababu ninaisikia sana." Na ukimuuliza kwa nini anaisikia sana, anajibu, "Sababu ni kweli."

Halafu akaja John Wesley. Wengi wetu tunajua jina lake kwa sababu ya Wametodisti, lakini hatukujua kwamba alianza kuhubiri inje, uwanjani, mwaka 1739, karibu na mji wa Bristol, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood. Watu hao wanaingia ndani ya udongo asubuhi na kutoka weusi jioni, na hakuna kanisa linalowangojea. Sisi ambao tuna kaka Rubaya na wajomba Bisie tunawajua watu wa namna hii bila kuonyeshwa picha. Walipomsikia Wesley, wengine walianguka chini, wengine wakapiga kelele. Askofu wa Bristol, Joseph Butler, mutu wa akili sana na mwenye heshima, alimwita mwezi wa nane mwaka ule ule. Alimwambia kwamba kujidai kuwa na ufunuo na karama za pekee za Roho ni jambo la kutisha, na akamshauri aondoke katika jimbo lake. Wesley hakuondoka.

Jambo lililotushangaza ni lile Wesley alilofanya baadaye. Mwaka 1750 alichapisha hubiri juu ya neno hili hili ambalo walimtukania. Tulifikiri atalitetea. Hapana. Alisema ni aina ya wazimu, na akataja wenye ugonjwa huo kwa makundi. Wako wale wanaojiwazia kuwa na neema ambayo hawana. Na wako wale (hapa, wafinaliste, musikilize) wanaongojea kufika mwisho bila kupita njia: wanataka Mungu awafahamishe Maandiko bila wao kuyasoma na kuyatafakari. Tuliposoma hivyo kwa sauti katika studi ya jioni, kulikuwa na watu walioangalia chini ya meza.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, bado aliandika neno hili kwa ubaya, kama imani ya bure ya mutu anayedhani Mungu anasema naye peke yake. Kisha polepole Waingereza walisahau. Mungu alitoka ndani ya neno, likabaki joto tu. Siku hizi mutu anakuwa "enthusiastic" kwa ajili ya sabuni. Ndugu yake ni neno "fanatique", ambalo huku kwetu kila mutu anajua: fanatique wa Virunga, fanatique wa Dauphin Noir. Lilitoka kwa Walatini, "fanum", yaani hekalu. Kwanza lilikuwa mutu wa hekalu aliyeshikwa na mungu wake. Sasa ni mutu aliyejipaka rangi usoni siku ya mupira.

Mutauliza, na sisi wa milima ya Masisi na wa pori la Walikale, habari hizi za Bristol zinatuhusu nini?

Zinatuhusu kwa sababu huku watu walipita njia ile ile kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1929, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda, wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Ndugu ya Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akifundisha Gahini. Alifariki Januari 1936, kijana bado, na katika mwaka ule ule lamuko likaenea. Waganda waliwaita watu wake "balokole", waliookoka, nasi tunasema walokole. Lakini kule Rwanda walipewa jina lingine: "abaka". Wenzetu wanaosema Kinyarwanda nyumbani hawahitaji kamusi. Ni watu wanaowaka. Kuwaka kwa Kiswahili, kwaka kwa Kinyarwanda, ni neno moja la babu zetu. Basi yule mwenzetu wa Walikale aliyechekwa katika klasi alijibu kama watu wa Gahini, na hakuna aliyekuwa amemufundisha.

Nao abaka walitukanwa. Katika Chuo cha Askofu Tucker kule Mukono, Uganda, mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa. Hawakuiba wala hawakulewa. Waliamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiria wenzao, mkuu wa chuo akakataza, nao wakaendelea. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri Afrika ya Mashariki yote na ng'ambo. Na mwaka 1966 mtu wa lamuko hilo hilo, Erica Sabiti, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa Uganda, Rwanda na Burundi. Tunasema hivi bila kumchongea mkuu yule wa chuo. Doyen anayeandika hapa anajua ni kitu gani kuamshwa saa kumi za usiku na watu wanaoimba, wakati asubuhi ana interro ya fizika.

Kuna upande mwingine, na huo uko karibu zaidi. Mwaka 1944, katika misitu kati ya Masisi na Lubutu, kulitokea uasi wa Kitawala. Jina hilo lenyewe ni Kiingereza kilichovaa nguo yetu: limetoka katika "Watch Tower", mnara wa mlinzi, na "tower" ikapata ki- mbele ikawa kama neno la kutawala. Ilikuwa wakati wa vita vya dunia. Wabelgiji walikuwa wameongeza siku za kazi ya lazima mpaka 120 kwa mwaka, na watu walitumwa porini kutafuta mpira wa miti. Mutu mmoja, Bushiri Lungundu, akasema ametumwa na Yesu na kwamba utawala wa wazungu umekwisha. Watu wakamfuata. Force Publique ilizima moto huo kwa bunduki mwaka ule ule. Wazee wa Kikumu hawakuhitaji askofu Butler kuwauliza kama Roho wa Bushiri alikuwa Roho gani. Walizika.

Na kama munataka shahidi aliyeona pande mbili, yuko Helen Roseveare, daktari Mwingereza. Alifika Kongo 1953, na mwaka ule ule, Ibambi, kaskazini ya hapa, aliona watu wakitetemeka, wakilia na kutubu mbele ya wote, akaandika kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Miaka kumi na mmoja baadaye, 1964, aliona kundi lingine likija, nalo likiwaka. Walikuwa Simba. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa na kuambiwa risasi haitawaingia. Walimkamata na kumpiga. Akarudi Kongo 1966 kuendelea na kazi ya hospitali.

Sasa tuseme yale yaliyotufanya tuandike.

Katika internati yetu kuna kundi la kesha, kila Ijumaa. Munawajua. Katika mkutano wa walimu mmoja wao aliwaita "ces enthousiastes", na hakutaka kuwasifu. Alisema kama Mwingereza wa 1739 bila kujua. Wako wanaosema kundi lifungwe mpaka Ekzeta ipite. Malalamiko ni ya kweli: "Bale banaombaka usiku, asubui banalalaka mu klasi." Na wenye kesha wanajibu kwamba tangu vita vilipofika Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka huo, hawana mahali pengine pa kulia. Hiyo pia ni kweli. Katika dortwari letu wako wenye wazazi katika kambi, na wako ambao kwa miezi hawakujua kama wana wazazi. Bwana Perefe alimwambia doyen alete maoni ya wanafunzi kwa maandishi.

Haikuwa rahisi, sababu katikati ya maneno hayo kuna kiti kimoja wazi. Mwenzetu fulani, jina lake tunaliacha, ndiye alikuwa na sauti kuliko wote. Kwenye mupira aliongoza nyimbo, kwenye korali aliongoza, kwenye kesha aliongoza. Alipoanza, hata sisi ambao tulikuja kwa kuchungulia tulijikuta tukipiga makofi. Wakati wa likizo alikwenda kwao. Kundi moja lenye silaha likapita kijijini na ngoma, na nyimbo za kupendeza. Hakurudi masomoni. Shangazi yake tulimkuta sokoni, akatuambia: "Alikuwa anaimba tu. Njo vile balimubeba, na wimbo."

Juu ya kijana huyo tumegombana siku tatu. Wengine wanasema kesha ndilo lilimzoeza kuchukuliwa. Wengine wanasema kesha ndilo peke yake lilikuwa linamushika hapa, na likizo ilimufungua. Mmoja aliuliza, ile moto yake ilikuwa ya Mungu ao ya ngoma? Hakuna aliyejibu. Sisi tunafikiri kwamba alikuwa ni yule yule mahali pote patatu, na kwamba sauti yake isingetuambia kitu, kama vile kuanguka chini kwa wachimbaji wa Kingswood kusingemwambia askofu kitu. Siku ya Pentekoste wenyewe walidhaniwa wamelewa, na Petro alijitetea kwanza kwa saa, kwamba bado ni saa tatu asubuhi tu.

Kwa hiyo tuliacha kuangalia usiku, tukaangalia Jumamosi. Katika lamuko la Gahini na mahali lilipofika, watu walirudisha vitu walivyoiba, kwa mikono yao, mbele ya wenyewe. Tukahesabu kwetu. Tangu mwezi wa kumi, baada ya makesha, vimerudi refekta sahani nne na kijiko kikubwa cha kupakulia bugali. Blanketi moja limerudi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mkimbizi wa vita, na aliyelichukua alikuja mwenyewe akalia. Kitabu cha matematika cha mwaka wa sita kimerudi pia, kimepungua kurasa mbili. Wagonjwa wawili wa malaria walichotewa maji wiki nzima na watu wa kesha bila zamu. Upande mwingine: watu wa kesha wanane walipata chini ya nusu katika interro ya Jumamosi, na wawili kati yao walimwambia mwalimu kwamba Roho atawakumbusha. Tuliwasomea Wesley.

Maoni yetu tuliyakabidhi Jumatatu. Kesha liendelee, lakini liishe saa nne za usiku, si alfajiri. Ngoma ikae katika ofisi ya disiplini kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi. Wafinaliste wasiokuwa na nusu ya pointi katika matematika wakae studi siku ya Ijumaa, nasi tutakaa pamoja nao. Nyimbo ziongozwe na watu watatu kwa zamu, asiongoze mmoja peke yake kila wiki. Jambo hili la mwisho wenye kesha walilipinga sana, wakasema sauti ni karama na haigawanywi kwa zamu. Tukawaonyesha kiti. Wakanyamaza, kisha wakakubali, isipokuwa mmoja.

Bwana Perefe amesoma na kutia sahihi, na amri inaanza Ijumaa hii. Mwenye zile kurasa mbili za matematika, ni ukurasa 87 na 88, juu ya logariti. Anaweza kuzitia chini ya mlango wa doyen usiku, hatutauliza.